Mawe Meupe ya Mtaroni

Nyumbani kwa Baba,
Jumatatu, mvua imekatika asubuhi hii.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, nikitumaini u mzima, umeshiba na umelala pakavu. Sisi tunavuta pumzi. Baba kifua kinambana, na sababu utaisoma hapa chini, usirukie mwisho.

Mtaro wa Baba unaukumbuka? Aliuchimba mwenyewe kando ya ukuta, miguu ingali na nguvu, akaujaza mawe makubwa chini na kokoto juu. Sura haukuwa nayo. Lakini maji yote ya paa yalizama humo, na chumba chake hakikuwahi kulowa.

Wewe ukauona kwenye simu, ukasema unatia aibu. Ukaagiza mawe meupe ya mviringo, tena yalazwe juu ya saruji yasichafuke. Saruji, mdogo wangu! Nikakuuliza maji yatapita wapi. Ukanijibu, "Dada, wewe pika tu." Haya, nikapika.

Mvua ya kwanza ikaja. Maji yakakosa pa kuzama, yakapiga kona hadi chumbani kwa Baba. Nilimkuta anatetemeka, godoro chapachapa. Unajua aliuliza nini? "Mawe ya mwanangu hayajasombwa?" Nilitamani uwe karibu nikuzabe kofi.

Nikataka kuvunja saruji siku hiyohiyo. Akagoma katakata, zawadi ya mwanawe haiguswi. Basi kila mvua nambeba mgongoni hadi sebuleni, na mimi si punda. Daktari amesema akilowa tena, kifua hicho hakitapona.

Jana nikachoka, nikampasulia. Nikamwambia mawe uliyataka ya picha, uwaringishie wenzako kazini, na kwamba tangu nikutumie hiyo picha hujauliza hata kama anakohoa. Aligeukia ukutani akalia. Sikumbembeleza. Kisha akasema, "Vunja."

Fundi yuko nje anapiga nyundo ninavyoandika. Mawe yako nimempa mama jirani azungushie choo chake, amefurahi kweli. Usimpigie Baba kwa sasa. Simu yako ikiita, anaigeuza kifudifudi.

Shangazi anakusalimu. Nisalimie shemeji na wanangu, hasa yule kitinda mimba wako.

Mungu akujalie uzee mrefu, na watoto watakaokupenda vilevile unavyompenda Baba.

Ni mimi dada yako, nakupenda bado, nifanyeje.