Baba Amerudishiwa Ulimi

Chumba cha nyuma ya duka,
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu naye hajambo? Wale pacha wameacha kukohoa? Sisi huku tu wazima, na nikisema sisi namhesabu Baba pia. Shika hilo kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Jumatatu tulikuwa dukani, mimi nashona, yeye anakata kitambaa cha suti. Mkasi ukamponyoka. Alipotaka kuuokota, mkono wa kulia ukakataa. Nikamwuliza kulikoni, akanijibu maneno yaliyovurugika kama ya mlevi, na mdomo umekwenda upande. Mteja akacheka, akidhani ni utani wake wa kila siku.

Jirani yetu kinyozi alitaka tumlaze apumzike. Nikamwambia, "Washa gari, kaka. Atapumzikia hospitali."

Daktari, binti mdogo kuliko wewe, aliuliza kwanza, "Imeanza lini?"

"Sasa hivi, mbele ya macho yangu."

"Basi mmewahi."

Wakampiga picha ya kichwa na shingo. Ilikuwa kiharusi. Damu haikuvuja ubongoni, ila mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto, ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda.

"Ipo dawa ya kuyeyusha bonge hilo," daktari akasema. "Lakini inaweza kumvujisha damu kichwani, na hapo tunaweza kumpoteza. Tukikawia, haitamfaa tena."

Mama ndio kwanza alikuwa anaingia, anahema. Akamwinamia Baba. "Umesikia, mume wangu? Wataka?" Baba akambana mkono kwa ule wake wa kushoto. Mama akageuka. "Mpeni."

Nilikaa nikiutazama ule mkono wa kulia mpaka macho yakaniuma. Kikaanza kidole gumba, kisha kiganja kikawa kinapapasa shuka. Alasiri Baba akamtazama Mama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema polepole, "Mbona umevaa ndara za rangi mbili?" Nesi alicheka. Mama alilia.

Jana tumemrudisha nyumbani. Mshipa bado ni mwembamba, kwa hiyo daktari wa upasuaji atausafisha karibuni. Nimeongea naye, na moyo wangu umetulia. Nawe kapime presha, damu yetu ni moja.

Msalimie sana wifi, na pacha uwabusu. Mungu awalinde huko mliko.

Baba amenisimamia hapa, anaburuta mguu kidogo, anataka niandike maneno yake kama yalivyo: "Asije mbio kama anayewahi mazishi. Aje na watoto, akae."

Dada yako akupendaye.