Nilipokwenda Kumtoa Mwanaidi Kwenye Darasa la Muziki

Amu, Jumapili

Ndugu yangu Bi Zena,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta huko Chundwa u mzima, magoti yamepoa. Ulimi siuulizii, huo haujaumwa tangu uzaliwe. Mimi sijambo, meno yamebaki manne na yote yanataka halwa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kusema.

Uliniamrisha nimtoe mjukuu wako Mwanaidi kwenye masomo ya bure ya kuchora na muziki. Ukasema ngoma zitamharibu, na nisipomtoa utamrejesha Chundwa, hata shule ya huku aiache. Basi jana asubuhi nikashika bakora, kiguu na ndia.

Bi Zena, nimeona mambo! Vijana wamejaa mikekani, huyu achora mlango wa nakshi, yule apuliza zumari mpaka mashavu yamefura, na hakuna aulizwaye karo. Mwalimu wao ni binti mdogo tu, lakini ana subira! Sisi kwenye chuo cha Kurani tulifunzwa kwa bakora, yeye, vijana wakikosea, acheka, aanza upya. Mwanaidi alikuwa katikati akigonga vugo, zile pembe za nyati mlizokuwa mkipiga arusini. Mkono mzuri, mwendo si wenyewe.

Nikasahau kilichonipeleka. Nikamnyang'anya pembe, nikawaonyesha. Wakashangilia.

Mwanaidi akauliza, "Babu, vugo ni mambo ya wanawake. Wewe umeyajulia wapi?"

"Nyuma ya ukuta," nikamwambia, "nikimsikiliza bibi yako."

Walicheka wote. Mwalimu akasema, "Basi, Bwana, tuimbie na maneno ya nyimbo zake." Hapo nikakwama. Kuta zetu za mawe zapitisha mlio, maneno hazipitishi! Mwalimu amezunguka mitaa yote akimtafuta ayajuaye, hajampata. Wengi wametangulia mbele ya haki.

Mwanaidi akaninong'oneza, "Bibi ayajua yote. Lakini hataki nipige."

Nikamrudishia pembe. Nikarudi nyumbani peke yangu.

Kwa hivyo sikumtoa, na simtoi. Kama umekasirika, panda boti uje umtoe mwenyewe. Darasa huanza Jumamosi saa tatu asubuhi. Mwalimu nimeshamwambia kuwa wewe waja kufundisha, na vijana wameshakutandikia mkeka.

Nisalimie shemeji, mumeo mvumilivu, na binti yako, mamake Mwanaidi, umwambie mwanawe ala vizuri.

Ni mimi kaka yako mkubwa, usiyepata kumtii hata siku moja,
Shee