Chumba cha Kati

Kiponda, Unguja
3 Machi 2024

Kaka Abdulwahid,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ukitoa taya langu. Simu yangu Qais ameipasua ukutani, kwa hivyo barua hii Bashira jirani ataipiga picha akutumie. Nijibu kwake.

Hongera, nyumba yako ya mwanzo kuichora sasa ni ya kihistoria. Wageni hawaishi kuja. Wanapanda ghorofa ya kati, wanaingia chumba cha kati, mmoja anapiga ukelele, kisha wenziwe waliobaki uchochoroni wanaulizwa kama wamesikia. Hawakusikia! Basi wanacheka na kukusifu. Jina lako limekuwa kubwa duniani, na lilianzia humo.

Mume wangu Qais naye anakipenda chumba hicho. Ananitia humo, anafunga mlango, ndipo anapoanza kunipiga. Hana hata haraka.

Nataka dirisha moja tu la uchochoroni, nikilia nisikiwe. Usiniambie nihame, nyumba ni ya baba yetu, aondoke yeye. Fundi Mjaka yuko tayari, lakini nyumba imo kwenye hifadhi, bila ya ruhusa yako wewe uliyeichora, kwa maandishi, ukuta haugusiki. Niandikie, kaka. Huyu ataniua.

Mdogo wako,
Sheikha


Maskati
20 Machi 2024

Mdogo wangu Sheikha,

Marahaba, na Ramadhani njema. Sisi hatujambo, wifi yako anakusalimu sana. Nimechelewa kujibu, kazi zimenizidi. Barua yako imenitia simanzi, hata futari haikupita.

Lakini dirisha, Sheikha? Unakumbuka alivyotaka marehemu baba, sauti za wanawake zisivuke ukuta. Nilikuwa kijana nimetoka chuoni juzi, nikampa sitara yake, na leo wanafunzi wa dunia nzima wanakisoma chumba hicho. Tukikitoboa, nyumba imekwisha.

Nimempigia Qais. Ni mtoto wa ami yetu, si mtu baki. Amelia kwenye simu, ameapa hatakupiga tena. Vumilia kidogo.

Kaka yako,
Abdulwahid


Kiponda
14 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Afya yangu usiulize, na mwandiko huu ni wa Bashira.

Ulimpigia! Idi pili alinirejeshea yote niliyokuandikia, neno kwa neno, huku ananipiga kwa mchi wa kinu. Mkono wa kulia umevunjika pahala pawili. Meno mawili nimeyameza. Na ghorofa ya juu walikuwapo wageni wako, kaka, wanapiga picha. Nililia mpaka sauti ikakauka. Waliposhuka wakala halua, wakamshukuru Qais kwa ukarimu wake.

"Mwite kaka yako," alikuwa akiniambia. "Mwite, atakusikia huko Maskati."

Leo nakuchukia. Niandikie ruhusa.

Sheikha


Maskati
21 Aprili 2024

Sheikha mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza hali. Vunja. Ruhusa hii hapa, nimetia saini. Mwambie Mjaka atoboe kesho, tena dirisha pana. Nyumba si kitu. Nakuja Ijumaa ya tarehe tatu. Nisamehe.

Kaka yako,
Abdulwahid


Kituo cha polisi, Unguja
30 Aprili 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumai nyote wazima. Bashira ameniletea chakula, na ndiye anayeniandikia.

Mjaka alitoboa ukuta Qais akiwa safarini Pemba. Dirisha zuri. Upepo ukaingia, nikamwona Khatib muuza duka pale chini, akaniamkia. Moyo wangu ukatulia, nikasema sasa nimepona.

Ijumaa Qais akarudi, akaliona. Alinishika nywele akanigonga kichwa kwenye kizingiti cha dirisha hilo hilo. Nikalia, kaka. Watu walikuwa wanatoka msikitini, uchochoro umejaa, nikawaita kwa majina yao. Walitazama juu, kisha wakainamisha vichwa wakapita. Khatib aliongeza sauti ya redio. Bashira alikuwa kazini.

Mjaka alikuwa hajamaliza lipu, nyundo yake ipo chini. Nikaiokota kwa mkono wa kushoto. Nilimpiga Qais goti, alipoanguka nikampiga kichwa, nikampiga tena. Yeye alilia mara moja tu.

Hapo walikuja. Walijaa chumba kizima, Khatib wa mwanzo wao, wakanishika mikono yote miwili, hata huu uliovunjika, wananiuliza mimi ni mwanamke wa namna gani.

Qais alizikwa Jumamosi. Ukishuka kwenye ndege, njoo kwangu kwanza, nyumba utaiona baadaye.

Mdogo wako,
Sheikha