Seng'enge ya Mighafu

Jumapili, 11 Februari 2024
Miche ya mighafu, miti yetu ya jangwani, imechipua yenyewe – hatukuipanda! Ndiyo mara ya kwanza tangu msitu huu wa Mintirib uzungushiwe seng'enge kuzuia ngamia. Bwana Wadhah, mkubwa wetu, kafurahi. Kasema mie mlinzi nimchunge Bi Kaltham, Mbedui jirani. Ngamia wake ndio waliokuwa wakiimaliza.

Jumanne, 13 Februari
Bi Kaltham kapita. Nimemwamkia, kaitikia kwa shingo upande. Kasema babu zake waliitunza miti hii bila waya. 

Alhamisi, 15 Februari

Asubuhi nimemkuta paa jike kanasa kwenye seng'enge. Tumbo kubwa – ana mimba. Anarusha mateke, shingo yote damu. Nampigia Bwana Wadhah, hapatikani. Amri ni kutogusa waya.
Nimekata! Nyaya tano, kwa koleo la garini. Kaanguka, kainuka, katokomea mitini. Alhamdulillahi.
Halafu nikaona nilichokifanya. Pengo kama mlango! Na ngamia saba nje, shingo zimenyooka kwenye miche. Nikakaa pale pale katikati. Jua lile!
Adhuhuri kaja Bi Kaltham. Nikasema basi, yamekwisha. Katazama damu, katazama mikono yangu. Kisha kawafukuza ngamia wake mwenyewe, kakaa kando yangu mpaka alasiri, tukaliziba pengo kwa matawi makavu. Kauliza kwetu wapi. Nikamwambia Ibra, ila wazee walikuwa Unguja. Kacheka – ndiyo maana Kiarabu changu kimepinda!
Mama kwenye simu: "Tahani mwanangu, sema mwenyewe. Usingoje kuulizwa."

Jumapili, 18 Februari
Bwana Wadhah kaja. Hajashuka garini nishamwambia: ni mie niliyekata.
 Kauliza kwa nini sikumngoja.
Bi Kaltham, aliyekuwa kasimama kando yangu, kanijibia: ningengoja, tungezika wawili. Kasema waya wa chini uinuliwe kiasi cha goti, ua mzima. Paa atapita, ngamia hapiti.
 Bwana Wadhah kachuchumaa, kapima kwa goti lake. Kapima tena penginepo.
Sasa yuko garini, anazungumza na ofisi kwa simu, mlango wazi. Namsikia: "La, sitaki mlinzi mwingine. Nataka mafundi, ua wote –"
Mtandao umekatika. Anapiga tena.