Mwanaume Aliyejibu Simu Yangu

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia wewe na wote wanaolala chini ya paa lako hapo Uvira. Mguu wako unaendeleaje? Na ule ukuta wa nyuma, mvua imeuacha umesimama? Sisi hapa Shively, pembeni ya Louisville, tunaendelea, Mungu bado hajatuchoka. Barua hii anakuletea mke wa mchungaji wetu, anakuja kumwona mama yake. Mpe chai, lakini usimpe maneno mengi, maana atarudi nayo.

Bon, niingie moja kwa moja. Yule mwanaume aliyejibu simu yangu ni mimi.

Nimesikia yote. Kwamba ulinipigia, ikajibu sauti nzito kama ya mtu aliyetoka kulala, ukauliza, "Weye ni nani unayeshika simu ya mdogo wangu?" halafu ukakata. Kwamba mmekaa na wanawake wa kanisa mkasema mjane wa marehemu Elia amepata bwana huko Amerika bila hata kuuambia ukoo. Na mwanangu Baraka alipokuandikia ukweli, ukamjibu kwamba anamfichia mama yake. Yaya! Mimi, na umri huu? Na hata kama ningempata huyo mwanaume, unafikiri ningemwachia simu yangu?

Sikia basi. Unalikumbuka rovu langu, ule uvimbe wa shingoni ambao wewe ulikuwa ukinifungia kitambaa nisichekwe tukienda kuchota maji. Huku liliendelea kukua mpaka nikilala chali linanikaba. Madaktari wakasema hiyo tezi itolewe. Wakanipasua, nikapona vizuri, kovu ni jembamba kama uzi, mimi hata kovu langu ni zuri. Ila nilipoamka nikataka kumwita muuguzi, ilitoka pumzi tu. Daktari akanieleza kwamba kooni mna nyuzi mbili za sauti, na mshipa wa kuamsha uzi mmoja ulishtuka walipokuwa wakipasua. Unaweza kuamka, unaweza usiamke. Tungoje.

Kungoja! Wakati ndoa ya Neema ilishapangwa, na wakwe zetu kule Buffalo wananunua viti. Na wewe unajua kwetu. Binti hatoki mlangoni mpaka mama yake amwite kwa jina, kwa mdomo wake mwenyewe, naye aitike. Mama alivyokuita wewe, watu waliokuwa wakifua ziwani waliinua vichwa. Alivyoniita mimi, mbwa wa jirani walikimbia. Sasa mimi ambaye kwaya nzima ya Louisville inajipanga nyuma ya sauti yangu, nimwite mwanangu wa kwanza kwa pumzi?

Wanawake wa kwaya hawakulala. Mama Riziki, kiongozi wetu, akatangaza maombi ya kufunga kavu, siku tatu bila chakula wala tone la maji. Nikafunga nao, na kwa kuwa sauti haipo, nikaomba kwa kunong'ona, nikanong'ona kwa nguvu zote kama mtu anayegombana na mwizi asiamshe watoto. Siku ya tatu hata ule mnong'ono ukaisha. Nikawa kama samaki, mdomo unafunguka tu.

Ndipo nikaenda kwa mwalimu wa sauti. Ndiyo, huku wako watu wa kazi hiyo. Ni binti mdogo, ana kipini puani, mikono baridi, moyo mzuri. Wakaweka mtafsiri kwenye simu, kaka mmoja wa Kiswahili cha Tanzania, safi kama nguo ya Pasaka. Nikajaribu kueleza. Yeye: "Mama, samahani, naomba upaze sauti kidogo." Nikakusanya yote niliyo nayo nikamwambia, "Mwanangu, ningekuwa na sauti ya kupaza ningekuja hapa kutafuta nini?" Akacheka mpaka akasahau kutafsiri, na yule binti akabaki akitutazama.

Aliposikia habari ya kufunga kavu, binti alishika kichwa. Koo linataka maji, akasema, kila saa, na kunong'ona kunalichosha kuliko kusema. Donc, kumbe mimi nilikuwa nikijiua kwa utakatifu. Nilirudi kanisani na chupa yangu ya maji nikaogopa Mama Riziki ataniona mtu wa imani ndogo. Akanitazama, akaitazama chupa, akasema, "Basi tugawane. Tumbo la kufunga ni letu, koo la kunywa ni lako." Na kweli, walifunga wao, mimi nimeketi katikati yao nakunywa kama ngamia.

Kazi aliyonipa huyo mwalimu utacheka. Natia mrija kwenye glasi ya maji, napuliza huku naguna, mmm, mmm, maji yanatoa mapovu. Yaya, nimevuka mipaka kwa miguu, nimelea watoto kambini, nimekuja mpaka Amerika nifundishwe kupuliza maji! Baraka akipita jikoni ananijibu kwa Kiingereza chao, eti nimekuwa injini ya mtumbwi. Mwambie yeye aliyechaguliwa kuwa mkubwa wa zamu kwenye depo yao ya mizigo, juu ya watu waliozaliwa hapahapa, kwamba mama yake akipuliza maji haulizwi.

Lakini mrija ulikuwa unafanya kazi. Wiki baada ya wiki ikaanza kutoka sauti, nzito, ya chini, inayokwaruza. Ndiyo hiyo uliyoisikia. Na hapo hapo bima ikasema kwa mwalimu wa sauti imetosha, anayetaka kuendelea ajilipie. Bei yao ya saa moja ni ya kumfanya mtu apone kwa hasira.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata Neema hakujua. Likelemba yetu ya wanawake, ile ya kuchangiana kwa zamu, ilikuwa imefika kwangu, na ilikuwa ya kikwembe, kitenge changu cha arusi. Na mimi unanijua. Nilishampigia mama mkwe wa Buffalo, enzi sauti ingalipo, nikamwambia, "Mtaona nguo itakayotoka Louisville, mtavaa miwani." Nililala na ile pesa kifuani. Asubuhi nikaipeleka kwa mwalimu wa sauti. Nikajiambia, nguo watu wataiona mara moja, lakini mtoto asipoitwa na mama yake, hilo atalibeba maisha.

Basi tukasafiri. Baraka aliendesha mpaka Columbus, tukamchukua Neema kwake Gahanna, hapo pembeni. Anatunza wazee, yaya, na kuna bibi mmoja wa kizungu hafungui mdomo kula mpaka Neema aingie zamu. Umelea vizuri, watu wananiambia, na mimi sibishi. Tukaenda mpaka Cheektowaga, huko wakwe wanakokaa, karibu na Buffalo. Ukumbi ulijaa. Wanawake wao walivaa kikwembe kimoja cha dhahabu, mabega yamesimama kama mabawa. Na mimi nikaingia na kile chako. Ndiyo, kile cha ndege wa bluu ulichonifunga mgongoni siku tunaondoka, nimebeba Neema ndani yake. Nilikipiga pasi mpaka kikalia.

Shangazi wa bwana arusi alinitazama toka ukosi mpaka pindo. Akaniinamia, "Mama mkwe, tumesikia habari ya koo lako, pole. Usijichoshe. Msema chochote wa sherehe atakuitia binti kwa maikrofoni, ana sauti ya redio."

Nikamwambia, "Asante, shangazi. Redio yake aiweke atangaze chakula."

Nikasimama. Neema yuko nyuma ya mlango, ukumbi unavuma, watoto wanakimbizana. Nikanywa maji. Nikaguna kwanza, mmm, kama nilivyofundishwa, pumzi itoke tumboni. Nikaita, "Neema!" Ikakatika katikati, na nikasikia mtu amecheka. Mama Riziki, aliyekuja kutoka Louisville na nusu ya kwaya, akageuka kumtafuta kwa macho aliyecheka, na unajua macho ya kiongozi wa kwaya. Ukumbi ukanyamaza, yaya. Wakongo, kwenye arusi, wamenyamaza.

Nikaita tena. "Neema wa Elia! Neema, mjukuu wa Mwenge!" Na sauti iliyotoka haikuwa ile yangu ya zamani. Ilikuwa ya huyo Mwenge, baba yetu. Ile ile, ya kuita mbuzi jioni, inayoanzia chini ya ardhi. Nilishtuka mwenyewe.

Unajua huyu mtoto tangu tufike huku nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Nimegombana naye, nimechoka, nimeacha. Nyuma ya ule mlango ikatoka sauti, kubwa, wazi, ile niliyokuwa nayo mimi kabla ya kisu:

"Niko, mama! Niko!"

Mlango ukafunguka. Akanitazama, akakitazama kikwembe, akaelewa pesa ilikwenda wapi. Nikamwambia kwa macho: usilie, poda ni ghali.

Nisalimie mjomba Bahati, mtengeneza baiskeli, mwambie yule mwanaume aliyemwita mwizi wa simu, alipopiga naye, ni mpwa wake. Nisalimie Mama Sifa, jirani yako, aliyesambaza habari. Mwambie aisambaze na hii kwa mbio zile zile. Na wajukuu wako wote, bibi yao wa Amerika anawabusu.

Jumapili baada ya ibada yenu nitakupigia. Naendelea na mrija wangu, na mwalimu wa sauti amenionyesha ya kufanya mwenyewe nyumbani nisimlipe kila wiki. Ukisikia sauti ya baba, usiogope na usikate. Mwanaume huyo amemwita Neema, na Neema ameitika.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuringia,
Mama Neema