Baba, Kamba Yako Imenipitisha Hesabu

Baba,

Nimepita. Naanza na hilo kwa sababu hukuwahi kuvumilia hadithi inayochelewa kufika. Binti yako wa miaka arobaini na tisa, yule uliyesema alizaliwa akibishana na mkunga, amepita mtihani wa kalkulasi, mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta, hapa chuoni Nchiru.

Najua ungeuliza nimefuata nini huku. Baada ya kukuzika niliandika makala kali gazetini kuhusu ile programu ya kompyuta inayoamua mkulima yupi apate mbolea na yupi akose. Afisa mmoja akanijibu mbele ya watu, "Mama, unapinga kitu usichokielewa." Nilimrukia kwa maneno, watu wakanishangilia. Lakini nilirudi nyumbani nikijua amesema kweli. Basi nikajiandikisha.

Wenzangu darasani ni rika la watoto wangu. Makena, msichana ninayekaa naye, huniita mama kwa Kisheng, na huninong'oneza kila nikiinua mkono: "Mathe, hii si baraza ya chifu. Ni hesabu tu."

Mtihani wa kwanza ulitaka tutafute mteremko wa mstari uliopinda, mahali pamoja tu. Unachukua nukta mbili zilizoachana kwa nafasi iitwayo h, unagawanya tofauti ya vimo vya nukta hizo kwa h, kisha mwishoni unaifanya h kuwa sifuri. Damu ilinichemka! Wanagawanya kwa h wakiapa kwamba si sifuri, halafu mistari miwili chini wanaifuta kwa kuwa eti ni sifuri. Sikufanya hesabu. Niliandika kurasa tatu za kuushutumu unafiki huo. Mhadhiri wetu, kijana mpole, akaandika kwa wino mwekundu: "Hoja tamu. Jibu liko wapi?" Alama, hakuna hata moja. Na kama ningeanguka tena kwenye mtihani wa marudio, ningeondolewa kwenye kozi.

Nikaja nyumbani kununa. Mvua ilikuwa imebomoa mtaro wa juu, karibu na migomba, na mdogo wangu Muriuki alikuwa akipima mteremko kwa kamba yako, iliyofungwa kwenye miti miwili, ili auchimbe mtaro upya. Akanipa mti wa chini niushike, kama ulivyonipa nikiwa na miaka kumi, ukinifokea, "Simama wima, wewe si mgomba!" Yeye akapanda juu kabisa na mti wake, akavuta kamba yote. Nami, bila kufikiri, nikapaza maneno yako: "Sogea huku! Kamba ndefu hudanganya!"

Kisha nikaitazama ile kamba.

Kilima chetu kimepinda, Baba. Kamba ndefu hupima kilima chote kwa jumla, si pale tunapotaka kuchimba. Ndiyo maana ulikuwa unaisogeza miti, hatua kumi, tano, mbili, hadi kipimo kinakaribia kutulia. Hukuwahi kuichomeka yote miwili kwenye shimo moja. Hapo kusingebaki kamba ya kupima. Uliisogeza karibu tu, ukatazama kipimo kinaelekea wapi. Ndiyo h hiyo! Kinachotafutwa ni pale kipimo kinapoelekea h inapozidi kupungua. Kurasa tatu nzima niliwatukana watu kwa jambo ambalo baba yangu mwenyewe alilifanya kwa kamba ya katani, na mimi nimeshika mti.

Nilicheka hadi nikakaa kwenye tope. Muriuki akauliza, "Dada, umekanyaga siafu?"

Matokeo ya marudio yalitoka jana nikiwa kwenye kibanda cha chapati. Nilipiga yowe, mwenye kibanda akaangusha mwiko. Makena akanikumbatia, akasema, "Haki, Mathe, sasa utatusumbua mpaka mwaka wa nne!" Nikaenda kwa mhadhiri kumwomba radhi. Alisema ile karatasi yangu ameihifadhi, huwasomea wenzake wanapochoka kusahihisha.

Miaka yote hii nimeshinda mabishano, Baba, na sikumbuki hata ushindi mmoja ulionifurahisha kama kukosea huku. Laiti ungekuwepo. Ungenicheka hadi chai ikupalie, na mimi, kwa mara ya kwanza, ningekubali mbele yako kwamba nilikosea.

Nakuahidi hivi: nitaendelea kuuliza maswali ya kijinga kwa sauti kubwa, hata darasa zima likigeuka kunitazama. Pumzika, mzee wangu. Asubuhi hii tunaanza mada mpya ambayo kila mtu anasema ni ngumu zaidi, nami nimefika mapema nikae mstari wa mbele.

Binti yako mbishi