Unga Uliotembea

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Bibi yako mzima, ila bado ananificha sukari. Unauliza kama utuletee vipando vya muhogo mtamu wa huko Tanga? Thubutu!

Nilipokuwa namchumbia bibi yako, nilimpelekea mama yake, kule Momela, mzigo wa vipando niliotoka nao safarini. Vilikuwa na weupe weupe. "Mama, muhogo huu umekuja na unga wake!" nikajitapa, tukapanda. Baadaye majani ya shamba zima yakajikunja. Nikainama kutazama, nikapigwa na butwaa: ule unga ulikuwa unatembea. Wadudu! Mama aling'oa muhogo wote, chakula chao cha kiangazi, akauchoma. Wala hakunigombeza, alinimiminia chai. Chai ile inanikaba mpaka leo.

Njoo mikono mitupu. Bibi yako atakupekua begi, kama anavyonipekua mimi tangu tuoane.

Babu yako